Bunduki Isiyopiga Teke: Silaha ya Kwanza ya Mlinzi wa Mashamba Rufiji (Sehemu ya Tatu)

Sehemu mbili zilizopita zilihusu nguruwe pori wanaofukua mihogo na kulaza mpunga wa bonde la Rufiji, na wakulima wanaokesha juu ya madungu kuwafukuza. Leo nageukia kijana anayekabidhiwa bunduki kwa kazi hiyo, yaani askari wa wanyamapori wa kijiji, kama wale wa Ngarambe na Tapika, vijiji vilivyounda jumuiya ya MUNGATA. Nashikilia kwamba kijana huyu afundishwe kwanza kwa bunduki yenye teke dogo, hata kama mnyama atakayekutana naye baadaye ni mkubwa. Anayedhani hilo ni suala dogo la starehe ya bega akumbuke simba. Utafiti wa Craig Packer na wenzake, uliochapishwa mwaka 2005, ulihesabu zaidi ya watu 560 waliouawa na simba Tanzania tangu 1990 hadi 2004, na ukaonyesha kuwa simba huwafuata nguruwe pori mpaka mashambani, hasa msimu wa mavuno. Hapa Rufiji peke yake, watu wapatao 35 waliuawa kati ya 2002 na 2004. Kwa hiyo anayemlenga nguruwe karibu na dungu anapunguza pia sababu ya simba kufika hapo. Na akimjeruhi tu, amewaachia majirani mnyama mwenye maumivu kichakani.

Teke la bunduki halina siri. Baruti inapowaka ndani ya mtutu, risasi husukumwa mbele na bunduki nyuma kwa msukumo ulio sawa. Bunduki hurudi polepole kwa sababu ni nzito. Ukali wa teke hutegemea uzito wa risasi, kasi yake, wingi wa baruti na uzito wa bunduki yenyewe. Risasi ya kaliba .375, iliyoanza kutumika mwaka 1912 na kupendwa na wawindaji wa nyati, ina gramu 19 hivi na hutoka kwa kasi inayozidi mita 750 kwa sekunde. Ile ya Mauser ya milimita 7 ina gramu 11 na hutoka kwa karibu mita 700. Ukijumlisha na baruti, msukumo wa kwanza unakaribia mara mbili ya wa pili. Na kwa kuwa nishati hukua kwa mraba wa kasi, begani tofauti huzidi mara tatu, bunduki zikiwa na uzito sawa. Mzoefu huvumilia. Mwanafunzi hulikumbuka pigo hilo, na mwili wake hujizoesha jambo baya kuliko maumivu: kufumba macho na kukaza misuli kabla risasi haijatoka. Mtutu unayumba kidogo tu, lakini kidogo hicho kwa umbali wa mita hamsini kinatosha kuhamisha risasi kutoka moyoni hadi tumboni.

Nitaambiwa kwamba risasi ndogo haiui. Historia ya Afrika Mashariki inajibu vizuri kuliko mimi. Mskoti Walter Bell, aliyeitwa Karamojo kwa sababu ya safari zake za Karamoja, Uganda, aliua tembo zaidi ya elfu moja, wengi wao kwa hiyo hiyo Mauser ya milimita 7. Alipasua mafuvu ya tembo kwa msumeno ili ajue ubongo ulipo. Simsifu kwa uharibifu ule, na wala sisemi askari wetu akabiliane na nyati kwa risasi ya Bell. Taratibu za uwindaji nchini zinataka kaliba .375 kwa wanyama hatari, na zina haki. Ninachochukua kwake ni kwamba mahali risasi inapoingia ndipo panapoamua, na ustadi wa kupafikia haujengwi na mtu anayeiogopa bunduki yake.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: mwenye gobore hupunguza teke mwenyewe, kwa kuwa kila mlio huushindilia kwa mkono wake, basi kwa nini asiachwe apunguze baruti? Hapa nakataa kabisa. Magobore mengi yana mitutu ya mabomba yasiyotengenezwa kwa kazi hiyo, na baruti hukadiriwa kwa macho. Katika risasi za kisasa hatari ni kubwa zaidi, maana kupunguza baruti ovyo si lazima kuleta upole. Risasi dhaifu inaweza kunasa ndani ya mtutu bila mpigaji kujua, na inayofuata ikaupasua usoni pake. Baadhi ya baruti zinazowaka polepole zikijazwa kidogo mno huweza hata kuleta shinikizo la ghafla. Risasi za teke dogo zipo, lakini hupimwa kiwandani kwa vyombo. Zisibuniwe jikoni Kibiti.

Kijana aanze na .22, ambayo risasi yake haifiki gramu 3 na teke lake halihisiki, alenge karatasi mpaka macho yazoee kubaki wazi. Kisha ashike bunduki ya milimita 7 au inayolingana nayo, nzito kiasi, yenye mpira kwenye kitako. Kaliba .375 aipokee mwishoni, mkufunzi akiwa pembeni, kwa milio michache kila siku, na siku anapoanza kufumba macho arudishwe kwenye .22.