Jinzi iliyofumuka upindo ni ya kutunzwa, si ya kutupwa

KATIKA vituo vya bodaboda vya Tiwi, kaunti ya Kwale, suruali ya jinzi ni vazi la kazi. Huvaliwa na mwendeshaji pikipiki, na mwashi, na kijana anayeelekea Diani kutafuta kibarua hotelini. Jioni huvuliwa ikiwa imejaa vumbi, jasho na chumvi ya bahari, na kesho yake huenda ikavaliwa tena. Miongoni mwa sehemu zinazotangulia kuharibika ni upindo wa chini, hasa pale nyuma unapokanyagwa na kisigino.

Upindo huo unapoanza kutoa nyuzi, wapo wanaoamua kwamba suruali imekwisha, wakaigeuza kuwa tambara la kupangusia pikipiki. Wapo pia wanaouona kuwa ni urembo, kwa kuwa mitindo ya miaka ya karibuni imezikubali jinzi zilizokatwa chini na kuachwa bila kupindwa. Wa kwanza hupoteza nguo ambayo ingeweza kuvaliwa kwa miaka. Wa pili husahau kwamba kitambaa kilichoanza kufumuka huendelea kufumuka kila kinapofuliwa, mpaka kizuiwe.

Jambo hilo si geni kwa watu wa Pwani. Leso zinaponunuliwa Mtaa wa Biashara mjini Mombasa huwa zimeungana mbili mbili, nazo hukatwa na kupindwa kwa cherehani kabla ya kuvaliwa. Kikoi nacho huachiwa matamvua, lakini nyuzi za matamvua hayo husokotwa na kufungwa mafundo ili kitambaa kisiendelee kufumuka. Njia ni mbili tu: mwisho wa kitambaa hupindwa, au hufungwa. Jinzi nayo yahitaji mojawapo.

Kwa nini upindo hufumuka

Kitambaa cha jinzi hufumwa kwa nyuzi za aina mbili. Nyuzi za mtande, ambazo hutiwa rangi ya nili, hufuata urefu wa mguu wa suruali. Nyuzi za mshindio, ambazo kwa kawaida huwa nyeupe, huuzunguka mguu kwa upana. Kitambaa kinapokatwa chini, uzi wa mshindio ulio mwisho kabisa hubaki bila cha kuushikilia. Ukidondoka huo, unaoufuata nao hulegea. Nyuzi za samawati zinazobaki zikining'inia ndizo zinazofanya matamvua. Hatimaye huwa nyeupe, kwani rangi ya nili hukaa juu ya uzi tu, haipenyi hadi ndani.

Kwa hiyo anayeuvuta uzi mmoja kwa vidole ili "kusafisha" upindo, kwa hakika anaufumua zaidi.

Sababu ya pili imo katika mshono wenyewe. Jinzi nyingi za kiwandani hushonwa pindo kwa mshono wa mnyororo, ambao kila kitanzi hushikiliwa na kitanzi kinachofuata. Mshono wa namna hiyo ndio uliomo kwenye midomo ya magunia ya unga: ukikata uzi na kuuvuta kwa upande ufaao, mdomo wote hufunguka kwa mara moja. Basi kisigino kikikata uzi mahali pamoja, upindo mzima unaweza kuachia. Cherehani ya kawaida ya fundi wa mtaani hushona kwa nyuzi mbili zinazofungana katika kila tundu la sindano, na uzi mmoja ukikatika, mishono iliyo mbali na hapo hubaki imara. Kwa upande huo, upindo ulioshonwa upya na fundi waweza kuwa na nguvu kuliko ule wa kiwandani.

Sababu ya tatu ni urefu. Suruali nyingi zinazofika katika masoko ya mitumba kama Kongowea, mjini Mombasa, zilikatwa kwa kimo cha watu wengine. Anayeivaa bila kuipunguza huikanyaga. Tiwi, penye mchanga na mawe makali ya matumbawe, upindo unaoburura husuguliwa kama kwa msasa.

Mstari wa kuzuia

Hatua ya kwanza ni kuamua iwapo matamvua yatabaki au yataondolewa.

Anayetaka yabaki ampelekee fundi suruali iliyofuliwa na kukauka, amwombe apige mistari miwili ya mshono kuuzunguka mguu, kiasi cha sentimita moja juu ya mahali nyuzi zinapoanzia. Mishono iwe mifupi, ya milimita 2 hadi 3, na uzi uwe wa poliesta unaofanana na rangi ya suruali. Sindano nayo iwe nene, nambari 16, kwa kuwa nyembamba huvunjika kwenye maungio ya kando ambako kitambaa kimekunjwa mara kadhaa. Nyuzi zitaendelea kufumuka mpaka zifike kwenye mstari huo, kisha zitakoma. Baada ya hapo matamvua hukatwa kwa mkasi yalingane. Hayavutwi.

Asiye na cherehani aweza kufanya kazi hiyo kwa sindano ya mkono, kwa mshono wa kurudi nyuma: kila mara sindano inapotokea mbele, hurudishwa kuingia pale mshono uliotangulia ulipoishia. Ni kazi ya saa nzima, lakini hushika vyema.

Asiyetaka matamvua apunguze urefu. Kipimo huchukuliwa mvaaji akiwa amesimama, amevaa viatu anavyovitumia zaidi, na upindo wa nyuma uachwe sentimita moja au mbili juu ya ardhi. Anayevaa viatu kazini na ndara nyumbani apime kwa ndara, maana ndizo fupi. Suruali mpya ifuliwe kwanza kabla ya kupunguzwa, kwa sababu pamba hurudi inapopata maji.

Pale kisigino kilipokwisha kukila kitambaa, fundi aweza kushonea kwa ndani utepe mgumu wa pamba, au kipande cha jinzi nyingine kuukuu, ili msuguano uupate utepe huo kwanza. Utepe ukichakaa hubadilishwa, na suruali hubaki.

Wazo hilo la kuimarisha mahali panapopasuka ndilo lililoizaa jinzi yenyewe. Jacob Davis, fundi cherehani wa Reno katika jimbo la Nevada nchini Marekani, alianza kupigilia misumari midogo ya shaba kwenye pembe za mifuko ya suruali za vibarua kwa sababu zilikuwa zikipasuka. Alishirikiana na mfanyabiashara Levi Strauss wa San Francisco, na tarehe 20 Mei 1873 wakapata hataza ya ubunifu huo.

Maji, sabuni na jua

Jinzi yenye nyuzi wazi hufuliwa ikiwa imegeuzwa ndani nje, kwa maji baridi. Anayefua kwa mkono asiusugue upindo kwa burashi wala asiukamue kwa kuusokota. Aukande tu kwa viganja. Anayefua kwa mashine aitie suruali ndani ya foronya na kuifunga mdomo, nyuzi zisijisokote na nguo nyingine. Dawa za kung'arisha nguo zenye klorini ziepukwe, kwani huondoa rangi ya nili na kudhoofisha pamba yenyewe.

Maji ya Tiwi yana jambo lake. Visima vya eneo hilo hupata maji yaliyopita katika miamba ya matumbawe, yenye chokaa nyingi, na visima vilivyo karibu na ufuo huweza kuwa na chumvi. Sabuni ya kipande ikikutana na maji magumu hufanya utando mweupe unaong'ang'ania kwenye nyuzi na kuzikakamaza. Sabuni ya unga hufaa zaidi, na suruali isuuzwe mara mbili au tatu. Wakati wa masika, maji ya mvua yaliyokingwa kutoka kwenye paa ndiyo bora kwa kusuuzia, kwani hayana chokaa.

Suruali iliyotoka ufuoni isiachwe ilale na chumvi. Ikaushwe kidogo, ikung'utwe mchanga, kisha isuuzwe kwa maji matamu siku hiyo hiyo. Chumvi hunyonya unyevu wa hewa, na nguo isiyokauka sawasawa hufanya ukungu. Mchanga nao, ukibaki ndani ya mkunjo wa upindo, huzikata nyuzi kila mvaaji anapopiga hatua.

Kwenye kamba, suruali hutundikwa kwa kiuno, si kwa upindo, tena kivulini penye upepo. Jua kali la Pwani hupausha rangi na kulegeza nyuzi, na matamvua ndiyo yanayoathirika mapema kwa kuwa hayana kinga ya kitambaa.

Usalama na usafi

Kwa waendesha bodaboda na abiria wao, nyuzi ndefu zina hatari nyingine. Zaweza kunaswa na mnyororo au vipuli vya gurudumu, kama zinavyonaswa leso na buibui. Matamvua yanayozidi upana wa vidole viwili hayafai kupandia pikipiki. Yakatwe, au mguu wa suruali ukunjwe juu.

Aidha, kwa Waislamu, ambao ni wengi katika eneo hilo, upindo unaoburura matopeni na kwenye mitaro huleta shaka juu ya tohara ya nguo wakati wa sala. Suruali iliyopunguzwa humwondolea mvaaji shaka hiyo, na humwondolea pia kazi ya kufua upindo kila siku.

Suala la gharama nalo si dogo. Mnamo Machi 2020, wakati wa janga la corona, serikali ya Kenya ilisimamisha uingizaji wa mitumba, na marufuku hayo hayakuondolewa hadi Agosti mwaka huo. Katika miezi hiyo marobota mapya hayakuingia, na aliyejua kuitunza nguo aliyokuwa nayo ndiye aliyepata nafuu. Kampuni ya Levi Strauss nayo ilieleza mwaka 2015 kwamba jinzi moja, tangu pamba inapopandwa hadi suruali inapomalizika matumizi yake, hutumia takriban lita 3,781 za maji.

Mistari miwili ya mshono humchukua fundi dakika chache. Heri kumpelekea suruali nyuzi zikiwa bado fupi, kwani kila sentimita inayofumuka ni sentimita ya urefu isiyorudi, na suruali iliyokwisha kupanda juu ya kifundo cha mguu haina fundi wa kuirefusha.