Roger na uzi mmoja

Sogeeni karibu, wadogo zangu, niwasimulie filamu iliyotoka wengi wenu mkiwa bado hamjazaliwa. Inaitwa Benda Bilili! Wafaransa wawili, Renaud Barret na Florent de La Tullaye, waliifuata kwa kamera bendi moja ya Kinshasa kwa miaka kadhaa, mpaka filamu ikatoka mwaka 2010. Kinshasa ndio mji mkuu wetu, lakini kutoka hapa Goma ni mbali kuliko Kigali, Kampala, hata Nairobi: zaidi ya kilomita 1,500.

Bendi yenyewe ni Staff Benda Bilili. Wakubwa wake walipooza miguu kwa polio wakiwa watoto. Polio ni kirusi kinachosafiri kwa maji machafu na mikono isiyooshwa, kikaingia tumboni, kisha kikashambulia mishipa ya fahamu inayoamrisha misuli. Yale matone wanayowadondoshea wadogo zenu mdomoni, watoa chanjo wakipita nyumba kwa nyumba, ndiyo yanayokizuia. Papa Ricky Likabu, kiongozi wao, na Coco Ngambali hawakuyapata. Bendi ina wimbo unaowasihi wazazi wapeleke watoto kuchanjwa, na nikiusikia najua anayeniomba anajua anachosema.

Walitembelea baiskeli za magurudumu matatu zinazosukumwa kwa mikono, zilizoungwa na mafundi wa mtaani. Mazoezi walifanyia kwenye bustani ya wanyama ya Kinshasa. Hapo ndipo anapoingia Roger Landu, mtoto wa barabarani, na chombo alichojitengenezea mwenyewe, satonge. Ni kopo, mti uliopindwa na uzi mmoja wa waya, basi. Akiuvuta mti, uzi unakaza na sauti inapanda. Akiulegeza, sauti inashuka. Ninyi mliomwona fundi wa chukudu akitoa chombo cha kubeba magunia kwenye magogo na kipande cha tairi, mtamwelewa Roger haraka kuliko mtazamaji wa Paris. Papa Ricky alimsikia mara moja akamchukua kama mwanawe.

Sasa, filamu nyingi za bendi huruka kutoka mtaani hadi jukwaani kwa wimbo mmoja. Hii haifanyi hivyo, na ndiyo maana naipenda. Kurekodi kulianza, kisha nyumba ya hifadhi walimokaa walemavu ikaungua. Watu wakarudi kulala juu ya katoni. Wenye kamera wakaenda kwao Ulaya, na bendi ikaendelea na mazoezi bila kujua kama watarudi. Unamwona Roger anarefuka, sauti yake inabadilika. Hakuna mwigizaji anayeweza kuigiza hilo. Ni miaka yenyewe imepita mbele yako.

Albamu yao, Très Très Fort, ilitoka mwaka 2009. Mtayarishaji Mbelgiji, Vincent Kenis, aliirekodi palepale bustanini, chini ya mbingu, kwa maikrofoni, kompyuta ya kubeba na waya mrefu wa umeme uliovutwa kutoka kibanda cha vinywaji kilichoachwa. Mwaka huohuo wakaenda kupiga Ulaya, na mwaka uliofuata filamu ikaonyeshwa kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa.

Jambo moja mlijue: Barret na de La Tullaye hawakuwa watazamaji tu. Waliisaidia bendi kurekodi na kufika mbali. Kuna wanaosema basi mafanikio ni ya Wazungu. Mimi sikubali. Kamera ilifungua mlango, lakini nyimbo zilikuwa zimeshatungwa, na Roger alikuwa ameshafunga uzi wake kwenye kopo kabla mgeni yeyote hajamwona.

Filamu inaishia kwenye shangwe. Maisha hayakuishia hapo. Mwaka 2013 bendi ilivunjika. Coco Ngambali na Theo Nzonza walianzisha kundi lingine, Mbongwana Star, ambalo mwaka 2015 lilitoa albamu yenye muziki wa ajabu, mzito, wa umeme, usiofanana kabisa na ule wa bustanini. Kipande hicho cha hadithi hakimo kwenye filamu. Anahitajika mtu wa kukitengeneza, na sioni kwa nini asitoke miongoni mwa vijana wanaojifunza kushika kamera hapa Goma, kwenye kituo cha Yole!Africa.