Mtoto Huyu Si Mkaidi, Hasikii

Mara nyingi mama huleta mtoto zahanati kwa ajili ya kikohozi, nami nikimtazama mtoto huyo pembeni ya uso naona usaha uliokauka kwenye sikio. Nikiuliza, jibu huwa lile lile: "Aa, hilo dada, ni la siku nyingi. Hutoka, halafu huacha lenyewe." Kwa akina mama wengi sikio la kutoka usaha ni jambo la utoto, kama meno ya kwanza kung'oka. Akikua litakwisha.

Mpendwa msomaji, sikio hilo linaweza kumwibia mtoto masomo yake bila mtu yeyote nyumbani kutambua.

Sauti huingia kwenye tundu la sikio na kugonga ngozi nyembamba iitwayo ngoma ya sikio. Nyuma ya ngoma hiyo kuna chumba kidogo chenye hewa, na ndani yake vifupa vitatu, kimoja kati yake kikiwa ndicho kifupa kidogo kuliko vyote mwilini. Ngoma ikitikisika, vifupa hivyo hupeleka mtikisiko huo mpaka sikio la ndani, na kutoka hapo habari huenda kwenye ubongo. Sasa, chumba kile kina mrija unaokiunganisha na sehemu ya nyuma ya pua. Kwa mtoto mdogo mrija huo ni mfupi na umelala, kwa hiyo vijidudu vya mafua hupanda kwa urahisi. Chumba hujaa usaha. Mtoto hulia usiku, hushika sikio, hukataa kunyonya. Kisha ngoma hutoboka, usaha humwagika, na maumivu hupungua. Mama hushukuru kwamba mtoto amepona, naye hulala usingizi kwa mara ya kwanza baada ya siku tatu.

Akitibiwa wakati huo, mara nyingi tundu hilo hujiziba lenyewe. Lakini usaha ukiendelea siku 14 au zaidi, ugonjwa umekwisha kuwa sugu. Ngoma yenye tundu haipokei sauti vizuri, na vifupa vinaweza kuliwa taratibu. Basi mtoto huyu akikaa nyuma darasani, mwalimu akiwa ameelekea ubaoni, husikia "tatu" pale iliposemwa "tano". Nyumbani anatumwa chumvi, analeta kiberiti. Anaitwa mara tatu bila kuitika, na ya nne anachapwa. Tunamwita mkaidi, mzembe, mzito wa akili. Hata katika shule ya Jumapili nimewaona watoto wa namna hii: wanaimba wimbo wakiwa nyuma ya wenzao kwa neno moja, wakitazama midomo.

Tiba ya sikio sugu huanza kwa kulikausha, na kazi hiyo ni ya mama mwenyewe. Chukua kitambaa laini cha pamba, safi na kikavu, ukisokote kama utambi wa taa. Uingize taratibu sikioni, uache ulowe, utoe, uweke mwingine mkavu, mpaka utakaotoka uwe mkavu. Fanya hivyo mara tatu kwa siku. Usitumie kijiti, wala karatasi inayochanika na kubaki ndani. Zahanati au kituo cha afya watakupa dawa ya matone, ambayo huwekwa baada ya kukausha, kwa kawaida kwa wiki mbili. Matone yanayowekwa juu ya usaha hayafiki panapohusika. Katika siku hizo mtoto asiogelee, na maji ya kuoga yasiingie sikioni. Akivimba nyuma ya sikio, au akipata homa kali na shingo kukakamaa, mwahishe hospitali siku hiyo hiyo, kwa maana usaha unaweza kufika kwenye ubongo.

Mafuta ya taa, maji ya kitunguu, maziwa ya mama, mafuta ya moto: hivi vyote nimevikuta masikioni mwa watoto. Ngoma ikiwa na tundu, huingia moja kwa moja mpaka ndani. Nayo nta ya sikio si uchafu wa kuonea aibu. Hulinda sikio na hutoka yenyewe. Jumamosi jioni, tunapowatayarisha watoto kwa ibada, njiti za kiberiti na pini za nywele hufanya madhara makubwa. Futa sikio la nje kwa kitambaa, inatosha.

Kuna mengine yanayoharibu usikivu: surua, matubwitubwi, homa ya uti wa mgongo, na rubela kwa mama mjamzito, ambayo humdhuru mtoto kabla hajazaliwa. Hapa Tanzania chanjo ya surua na rubela hutolewa pamoja tangu mwaka 2014, basi tusiache kadi ya kliniki ikae kabatini. Sindano za jentamaisini zisizopimwa vizuri zinaweza kuua usikivu kabisa, ndiyo sababu sikubaliani na sindano za mtaani. Na kwaya zetu zinisamehe, lakini spika inayotikisa madirisha haifai kuwekwa mbele ya watoto. Chembe za sikio la ndani zikifa kwa kelele hazioti tena.

Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2021 kwamba karibu asilimia 60 ya upotevu wa usikivu kwa watoto hutokana na mambo yanayoweza kuzuilika.

Mpime mwanao nyumbani. Mtoto mchanga hushtuka kwa kishindo. Wa miezi sita hugeukia sauti. Wa mwaka mmoja hugeuka akiitwa jina. Aliye mkubwa, simama nyuma yake asikuone, taja majina ya vitu kwa sauti ya chini, naye arudie. Akishindwa, omba barua ya kwenda kwa daktari wa masikio, pua na koo katika hospitali kubwa kama Muhimbili au KCMC. Tundu la ngoma laweza kuzibwa kwa upasuaji, na wapo wanaosaidiwa na kifaa cha kusikilizia. Asiyeweza kusaidiwa hivyo anahitaji lugha ya alama mapema, pamoja na wazazi wake. Shule za viziwi tunazo tangu ile ya Tabora ilipofunguliwa mwaka 1963. Wakati mnasubiri, mwambie mwalimu amkalishe dawati la mbele, upande wa sikio lililo zima.