Chini ya Mlima Elgon: Nchi Yenye Watu Wachache Haikosi Wenyewe

Unga wa sima tunaoupika majumbani mwetu Mombasa na Malindi mara nyingi hutokana na mahindi ya Trans Nzoia, zaidi ya kilomita 800 kutoka baharini. Juma hili tunawapeleka wasomaji wetu huko, kwani nchi hiyo inatuhusu kuliko tunavyodhani.

Mji wa Kitale uko juu ya bahari kwa kiasi cha mita 1,900. Magharibi yake umesimama Mlima Elgon, wenye mita 4,321; mashariki iko milima ya Cherangani. Mito ya milima hiyo huujaza Mto Nzoia, nao huteremka hadi Ziwa Viktoria. Bungoma iko kusini-magharibi, chini zaidi na penye joto zaidi. Ubavuni mwa Elgon mna pango la Kitum, ambamo ndovu huingia gizani kuchimba chumvi kwa pembe zao.

Pembe hizo ndizo zilizowavuta wazee wetu. Mwaka 1883 Joseph Thomson aliivuka nchi ya Wamaasai pamoja na msafara wa Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa Pangani aliyezijua njia hizo kabla yake; kisha Thomson akafika Elgon. Jirani na Bungoma, kwa Nabongo Mumia, misafara ya pwani ilipata kituo, na Uislamu ukaota mizizi. Lakini si uadilifu kutaja pembe tukanyamazia wanadamu. Wenyeji wa Kitale husimulia kwamba mahali ilipo klabu ya mji palikuwa zamani pakikusanywa watumwa. Watoto wetu nao walisikie hilo kutoka kwetu.

Nyanda za Kitale zilikuwa na watu wachache, wengi wao wafugaji waliohama na malisho. Wakoloni walipoziona, walizihesabu kuwa tupu. Kwa Wabukusu walikwisha kuonyeshwa kwamba nchi ina wenyewe: mwaka 1895 walipigana nao vita vikali katika ngome za Lumboka na Chetambe, karibu na Webuye ya leo. Hata hivyo, baada ya Vita Kuu ya Kwanza mashamba ya Trans Nzoia waligawiwa askari wastaafu wa Kizungu, na mwaka 1926 reli ikafika Kitale. Wasabaot na wenzao walisukumwa pembeni, na malalamiko ya ardhi hayajaisha hadi leo.

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 990,341 Trans Nzoia na 1,670,570 Bungoma. Ule uchache wa watu umekwisha. Swali la nani mwenye haki limebaki. Sisi wa mwambao, ambao wengi wetu tunaishi bila hati juu ya ardhi ya mababu, tunalifahamu swali hilo vyema. Basi ukimpata jirani kutoka Kitale au Bungoma, mkaribishe kahawa, umsikilize. Huenda machungu yake na yako ni mamoja.