Sasisha Simu Bila Kuiua
Wakazi wa Kibera na Kawangware, kusasisha simu huziba mianya ya wezi wa mtandaoni. Lakini sasisho huandika upya mfumo endeshi. Likikatizwa, simu huenda isiwake tena.

Kwanza, hifadhi nakala ya picha na namba. Chaji ifike angalau asilimia 50, maana stima hupotea ghafla. Pata sasisho kwenye Mipangilio pekee, wala si kwa linki uliyotumiwa. Usizime simu hadi ijiwashe yenyewe.

Butiloda, programu inayoamsha mfumo, isiguswe ovyo. Fundi akiifungua, data yote hufutwa. Akiweka faili za modeli nyingine, simu yaweza kufa kabisa. Muulize atakachofanya kabla ya kumkabidhi simu.