Sunburst, Bendi ya Roki ya Dar es Salaam

Sunburst ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1970, miezi michache tu baada ya uongozi wa Mkoa wa Pwani, ambao wakati huo ulijumuisha jiji hilo, kupiga marufuku dansi za soul. Vijana wake, akiwemo mwimbaji James Mpungo na mpiga gitaa kutoka Kongo, Hembi Flory Kongo, walichanganya roki na soul na ngoma za nyumbani. Mchanganyiko huo waliuita kitoto, na kwa hakika ulikuwa na ladha yake peke yake: gitaa kali, kinanda, maneno ya Kiswahili. Baadaye walihamia Zambia, wakarekodi Ave Africa mwaka 1976, kisha bendi ikavunjika. Albamu hiyo ilitolewa upya mwaka 2016. Inastahili kusikilizwa Dar es Salaam pia.