Maghala Yaliyolisha Vita vya Msalaba

Sisi tuliosoma chuoni tulisimuliwa jinsi Salahuddin al-Ayyubi alivyoikomboa Baitul Muqaddas mwaka 1187. Mahasimu wake tuliwajua kwa panga na farasi wao. Lakini panga haziliwi, na farasi hashibi upepo. Ni nani basi aliyekuwa akiwalisha? Swali hilo, wasomaji wangu, lilinifikisha kwa njia ya vitabu katika shamba moja la Uingereza liitwalo Cressing Temple, jimbo la Essex.

Matemplari walikuwa watawa wa Kikristo waliokula kiapo cha ufukara huku wamejifunga upanga kiunoni. Chama chao kilianza yapata mwaka 1119, na Mfalme Baldwin wa Pili akawapa makao ndani ya Msikiti wa Aqsa. Mwaka 1137 Malkia Matilda, mkewe Mfalme Stephen wa Uingereza, aliwatunuku shamba la Cressing. Huko hakukupiganwa vita, kulilimwa. Wanakijiji walitoa jasho, na sehemu ya mapato ikavuka bahari kugharimia vita vya Mashariki.

Maghala mawili ya mbao za mwaloni yangali yamesimama. La shayiri lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 13, la ngano baada ya nusu ya karne hiyo. Salahuddin alikuwa keshawatoa Aqsa, lakini vita viliendelea, na mavuno yakaendelea kutakiwa, hata Akka nayo ikawaponyoka mwaka 1291.

Mwaka 1308 Matemplari wa Uingereza walikamatwa, na mwaka 1312 Papa Clement wa Tano akakivunja chama chao. Shamba likaangukia watawa wengine wapiganaji, wale wa Mtakatifu Yohana. Bwana alibadilika, jembe halikubadilika.

Mwaka 1381 subira ilikwisha. Mkuu wa watawa hao nchini, Robert Hales, ndiye pia aliyekuwa mtunza hazina wa mfalme, na watu walikuwa wakikamuliwa kodi ya kichwa, jina ambalo wazee wetu hawakuhitaji kufasiriwa. Wakulima walilivamia shamba la Cressing wakapora, na siku chache baadaye Hales akakatwa kichwa jijini London. Maghala yalisalimika.

Tangu mwaka 1987 shamba hilo ni mali ya baraza la jimbo, na wageni huenda kulizuru. Twasema wapiganapo fahali wawili ziumiazo nyasi. Cressing yatukumbusha kwamba nyasi hizo hizo ndizo zilizowanenepesha fahali.